Mkono wa shawa ulibaki kiganjani mwa mama

Mama alitoka bafuni kanga imelowa mabegani, povu bado liko kwenye sikio la kushoto, na kiganja amekikunja kama mtu aliyeshika kifaranga. Akakifungua. Ndani kulikuwa na ule mkono wa koki ya shawa, ule wa kuzungusha, umepasuka katikati.

"Mwanangu, hiki kitu kimenitokea mkononi."

Nilikuwa sebuleni naangalia taarifa ya habari, na jibu likatoka kabla sijalifikiria: "Mama nawe, umekaza mno. Hizi za mjini hazikazwi hivyo."

Nikacheka kidogo. Yeye hakucheka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa tatu. Toka hapo hiyo "hizi za mjini" imekuwa inanirudia kwenye foleni ya Tabata, kazini, usiku nikigeuka kitandani, yaani inanikera kama mwiba wa samaki uliokwama kooni, haukuui ila kila ukimeza unajua upo.

Ndoo na kopo

Mama alikuja Dar kwa ajili ya macho, mtoto wa jicho, akakaa kwetu wiki tatu. Kesho yake baada ya lile tukio nilimwita fundi bomba wa mtaani, akaja na mkono mpya mfukoni, akaubandika, dakika kumi kazi imeisha, nikamlipa akaenda zake. Mimi kwangu mambo yakawa yameisha.

Siku ya tatu au ya nne naingia bafu la wageni naona sakafu chini ya shawa kavu kabisa, pembeni ndoo ya lita 10 na kopo la Blue Band.

"Mama, mbona huogi kwenye shawa?"

"Nimezoea ndoo, baba. Hayo maji ya mvua yananipiga kichwani."

Nikakubali. Au tuseme nilitaka kukubali, maana ilikuwa rahisi hivyo.

Mpaka anapanda basi la Lushoto hakuigusa tena ile koki.

Sasa ngoja niseme kitu ambacho sijivunii. Ule haukuwa mkono wa kwanza kuvunjika kwenye bafu lile. Wa kwanza ulivunjika mwaka jana yake, tukasema ni dada wa kazi, ana mikono ya jembe. Alikataa mpaka machozi yakamtoka, sisi tukatazamana tu kama watu wenye ushahidi, na ushahidi wenyewe ni kwamba yeye ndo aliyekuwa ameshika koki mara ya mwisho. Basi. Kwenye nyumba zetu hukumu inatolewa hivyohivyo, glasi ikipasuka, rimoti ikigoma, swali ni moja tu: nani alikuwa nayo?

Wa tatu ulikuwa wangu

Wiki kama tatu hivi baada ya mama kuondoka, usiku wa saa tano, nimelala nasikia ti... ti... ti. Bafu la wageni liko ukuta kwa ukuta na chumba chetu. Nikaamka, nikaenda gizani, nikaikamata koki nikaikaza. Ikanyamaza. Narudi kitandani hata shuka sijavuta, ti.

Nikarudi. Nikakaza tena, safari hii kwa hasira na kwa mkono mzima.

Kah!

Nikasimama pale na kipande kiganjani, peku, bukta tu, nikajiona nimesimama vilevile kama alivyosimama mama. Ila mimi hakukuwa na mtu sebuleni wa kuniambia nimekaza mno.

Plaizi ya bafuni

Kila mtu aliyepanga nyumba Dar ameshawahi kuiona. Plaizi yenye kutu imelala pale panapowekwa sabuni, na mgeni akitaka kuoga anapewa maelekezo mlangoni: shika kile kichuma, zungusha kushoto, usikivute. Sisi tuliishi na plaizi siku tisa, na mimi ndo niliyeileta.

Kwanza nilijaribu supaglu. Usinicheke. Nikaunganisha vipande, nikasubiri usiku kucha, asubuhi nikafungua maji kwa adabu zote, ikashika siku mbili. Ikaachia kwa mlio uleule, ila sasa gundi ilikuwa imeingia kwenye meno ya spindo, kile kichuma cha koki kinachovikwa mkono, na kugandisha mabaki ya plastiki humo humo. Nikawa nayachokonoa kwa pini. Ndipo plaizi ikaingia kazini, na plaizi haibembelezi, spindo ni ya shaba, meno yake ni madogo kama ya kitana cha mtoto, ukiyabana kwa chuma siku tano sita yanalainika yote na hata ukinunua mkono mzuri kiasi gani hautakuwa na pa kushika. Utazunguka mtupu.

Kuna jambo jingine la plaizi ambalo kidogo litutoe roho. Bafu lile lina hita ya umeme ya juu, zile zinazochemsha maji papo kwa papo. Mkono ukiwepo, plastiki yake inakukinga. Mkono ukiondoka, umelowa, miguu iko kwenye maji, unashika kichuma kitupu kwa plaizi ya chuma... mke wangu alipiga kelele moja nikadhani kaona nyoka. Mshituko ulikuwa mdogo lakini uliniondoa usingizi wiki nzima. Fundi umeme alipokuja akakuta waya wa ethi ya hita, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, umekunjwa na kufichwa juu ya dari, haujaunganishwa popote. Na maji yetu yana chumvi, maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ndo maana madukani ukiuliza hita utaulizwa kwanza: maji yenu ya chumvi au baridi? Sikuwahi kujua kwa nini wanauliza. Kwa hiyo kama koki yako ya shawa ukiigusa inakuchoma choma vidole, usiite fundi bomba. Zima hita kwenye swichi kubwa uite wa umeme, na mpaka aje ogeni kwa ndoo.

Mzee wa Gerezani

Jumamosi nikaenda Kariakoo, kule Gerezani kwenye maduka ya vifaa vya bomba, nimefunga mikono yangu mitatu iliyovunjika kwenye gazeti kama mtu anayepeleka samaki. Nilitaka kuuliza kitu kimoja tu: upi ni imara?

Duka la kwanza kijana akanionyesha mkono unang'aa, akasema huu babkubwa, chuma tupu. Nikataka kulipa. Pembeni kulikuwa na mzee amekaa kwenye kigoda anachambua nati, akanyoosha mkono akaomba lile gazeti. Akaangalia vipande, akavipanga kwenye paja lake kimoja kimoja.

"Inadondosha?"

"Nini?"

"Shawa. Ukifunga, inadondosha?"

Nikamwambia ndiyo, inadondosha usiku. Tangu lini? Nikafikiria. Tangu tumehamia, sijui, ilikuwa inadondosha kidogo tu.

Mzee akatikisa kichwa. Akaingiza mkono kwenye kopo, akatoa kiduara cha mpira cheusi, kidogo kuliko sarafu ya shilingi mia, akakiweka juu ya kidole.

"Mvunjaji wako huyu hapa. Washa. Hao wengine umewaonea tu."

Washa. Shilingi mia tano.

Alinieleza taratibu na nitaeleza kama nilivyoelewa mimi. Koki ya kizamani ya kuzungusha, ukiifunga, spindo inashuka na kukandamiza ule mpira juu ya tundu la maji. Mpira ukiwa mzima unabonyea, unaziba, hauhitaji nguvu. Ukichakaa unakuwa mgumu na unajichimba mfereji, maji yanapenya. Anayesikia yanadondosha anakaza. Kesho inabidi akaze zaidi kidogo. Mwezi ujao zaidi. Nguvu yote hiyo haiishii kwenye mpira, inapita kwenye mkono, na mkono wenyewe katikati una kitundu cha plastiki chenye meno, hapo ndo penye unyonge wote wa kifaa kizima. Unapasuka siku moja, kwa mtu mmoja, ila ulianza kupasuka zamani, kwa mikono ya wote.

Nilinunua washa nne, mkono mmoja na spindo mpya maana ile ya zamani plaizi ilishaimaliza. Ule wa "babkubwa" mzee alinikataza. Akaugeuza akakwaruza kwa ndani na ncha ya bisibisi, ukatoka rangi ya kijivu. Akakwaruza mwingine mzito kidogo, ukatoka njano. Njano ni shaba, kijivu ni mchanganyiko wa zinki uliopakwa mng'ao juu. Nikamuuliza kuhusu sumaku maana nilishasikia watu wanapima kwa sumaku, akacheka, sumaku haishiki shaba na haishiki zinki, itakuambia tu kama kuna chuma cha kawaida ndani.

Ukutani

Kazi nilifanya mwenyewe jioni ile. Nilikuwa naogopa, sifichi, kwa sababu koki yetu imezikwa ukutani na jirani aliwahi kugonga yake kwa nyundo ili mkono utoke, bomba likakatika ndani, ikabidi wavunje vigae kuanzia shawa mpaka mlangoni.

Jambo la kwanza ni geti valvu, ile koki kubwa ya kufungia maji, ya kwenye mnara wa simtank. Ilikuwa imeganda. Hakuna aliyeigusa tangu ijengwe nadhani, nikaipeleka mbele na nyuma kidogo kidogo mpaka ikakubali. Nawaza ingekuwa ni bomba limepasuka saa nane usiku tungefanyaje. Siku hizi naizungusha kila mwisho wa mwezi, nikishalipa kodi naenda kuizungusha, ndo kumbukumbu yangu.

Halafu unafungua shawa mpaka maji yaishe kwenye bomba. Unaziba tundu la sinki la sakafuni kwa tambara, hili nililijua baada ya skrubu kuzama humo. Kile kifuniko cha duara chenye alama nyekundu au bluu kinang'oka kwa ncha ya kisu, chini yake kuna skrubu ya bisibisi ya nyota. Skrubu hiyo iangalie vizuri. Yangu ilikuwa imelegea karibu nusu, na ikilegea mkono unakaa juu juu, unashika ncha za meno tu, ndo unayakwangua. Kuikaza mara moja moja ni kazi ya nusu dakika na sikuwahi kuifanya hata siku moja. Mikono mingine, ile ya kuinua na kushusha, skrubu yake imejificha kwa chini na inafunguliwa kwa kale kafunguo kalikopinda kama herufi L.

Mkono ukigoma kutoka usiugonge. Loweka kitambaa kwenye siki ya moto kiasi, uuvishe, uache saa nzima, kisha utikise huku na huku huku unauvuta kwako. Chumvi iliyoganda inaachia. Kwangu kulikuwa na mabaki ya supaglu kwa hiyo nilitumia pia maneno mabaya.

Baada ya hapo spana malaya kwenye ile nati kubwa, na spindo inatoka nzima.

Nikaigeuza chini ya taa ya simu. Washa ya zamani ilikuwa ngumu kama kifungo cha koti na katikati ina mfereji wa duara uliochimbika kabisa, kipande kimoja kimeondoka. Kwenye mfereji kulikuwa na punje za mchanga. Nikaibonyeza kwa ukucha. Haikubonyea hata kidogo.

Nikakaa juu ya ndoo ya mama nikaitazama muda mrefu.

Nikaingiza kidole pale inapokalia nikapapasa, mzee alisema pakiwa na mikwaruzo mpira mpya nao utakufa haraka, na kuna kifaa cha kupasugua pawe laini. Kwangu palikuwa pazuri. Nikapaka kidogo ile grisi ya silikoni kwenye nyuzi za spindo. Fundi wetu wa mtaani siku zote hupaka mafuta ya mgando au grisi ya gari, na hapo ndo penye kosa, hayo ni mafuta ya petroli, mpira ukiyanywa unavimba na kulegea. Nikafunga kila kitu. Nikafungua geti valvu.

Nikafunga shawa kwa vidole viwili. Kimya.

Nilisubiri nisikie ti. Mke wangu akaja akanikuta nimesimama nasikiliza ukuta.

Maji yetu nayo

Siwezi kuitupia lawama yote washa. Mwenye nyumba alichimba kisima baada ya ule mgao wa mwishoni mwa 2022, mto Ruvu ulipopungua na jiji zima likawa linapishana na madumu. Tulimshukuru sana. Lakini visima vingi vya huku kwetu pwani maji yake ni ya chumvi, na chumvi haina urafiki na zinki. Mng'ao wa juu ukipata ufa mdogo tu, maji yanaingia chini yake, unaona vipele, kisha unabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na pale zinki inapokutana na shaba ndani ya maji hayo, zinki ndo inayoliwa kwanza. Kwa hiyo mkono unachakaa kwa ndani huku nje unang'aa. Hata shaba ya bei rahisi haiponi, zinki iliyomo inatoka taratibu, inabaki na rangi kama ya waridi na inavunjika kama biskuti.

Dawa yake sio ya kitaalamu. Ukimaliza kuoga pitisha kitambaa kikavu kwenye koki. Basi. Mchanga nao nimeuwekea chujio kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tenki, na nilipolifungua kuliosha baada ya mwezi nilikuta tope la kujaza kijiko cha chai, kumbe lote hilo lilikuwa linapita kwenye mipira yetu. Taulo tumeacha kuning'iniza kwenye mkono wa koki, na mtoto wetu Zawadi ameambiwa aache kuushikilia akitaka kuruka ile ngazi ya bafu. Hilo la mwisho halijafanikiwa.

Na kama unataka kuhamia kwenye zile koki za robo mzunguko, zenye visahani vya kauri ndani badala ya mpira, ni nzuri, ila waelekeze watu wa nyumbani. Zinafika mwisho kwenye robo. Mtu aliyezoea kuzungusha mara tatu atafika kikomo na ataendelea kusukuma.

Simu

Kabla ya kubadilisha washa nilikuwa nimetega ndoo ya lita 20 chini ya shawa, saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ilikuwa karibu nusu. Nilipiga picha nikamtumia mke wangu kwa sababu yeye ndo anaita boza la maji kisima kikizingua, na yeye ndo akasema kitu ambacho sikukiwaza: "Mama alikuwepo siku ile boza lilipokuja. Alisimama dirishani akatuona tunahesabu hela."

Nikampigia mama Jumapili baada ya kanisa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo huko? Zawadi hajambo?"

Tukaongea macho, tukaongea mvua, mahindi ya jirani, harusi ya binamu ambayo mimi natakiwa kuchanga. Nikasema mama, ile koki ya shawa, nimeifungua, haukuwa wewe. Ilikuwa washa.

"Niwashe nini?"

"Hapana mama, washa. Kile kimpira cha ndani. Kilikuwa kimekwisha."

Kimya kidogo. Nikasikia kuku upande wa pili.

"Mimi nilikuwa nasikia maji yanadondoka usiku," akasema. "Nikasema hawa watoto maji wenyewe wananunua. Nikawa naamka nakaza."

Kila usiku, wiki nzima kabla ya kupasuka, na jicho moja limefungwa bandeji, alikuwa anaamka anapapasa ukuta kwenda kutufungia maji. Nikatafuta la kusema. Nikaomba radhi, ikatoka vibaya vibaya, nusu Kisambaa nusu Kiswahili, akaniambia aah, yameshaisha hayo.

Atarudi mwezi wa tisa kwa jicho la pili. Nikamwambia shawa sasa inafungwa kwa vidole viwili, atafurahi.

"Sawa baba. Na ile ndoo bado ipo?"

"Ipo mama."

"Msiitoe."